Chupa Moja kwa Kuku Mia

Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa teritwari ya Kabambare, na sasa makazi yangu ni Kasongo mjini. Ushuhuda huu nautoa kwa ajili ya ndugu zangu wa Salamabila, wa Wamaza na wa vijiji vya kando ya mto Luama, ambao hadi leo wanaingia Kasongo na mizigo kichwani. Wakishapata pa kulala, swali linalofuata huwa moja: nianze na nini? Mimi nilianza na kuku. Kuku hao walinikosanisha na majirani, wakafa karibu wote, na baadaye ndio waliotupatanisha. Ninataka kueleza ilivyokuwa, maana ndani yake kuna jambo ambalo wachefu wa kartie zetu wanaweza kulirekebisha kesho asubuhi, bila kungoja pesa ya Kindu wala ya Kinshasa.

Nilitoka Salamabila mwaka 2019, wakati vita vya kuzunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya vilipopamba moto. Ndio mwaka ambao kampuni ya Banro ilisimamisha kazi pale. Nilikuwa mjane tayari. Niliacha mbuzi, niliacha mpunga ghalani, niliacha kuku ambao hata idadi yao nilikuwa siijui vizuri, kwa sababu kijijini kuku wanazaana tu na mtu hana haja ya kuwahesabu. Nilibeba mitetea miwili ndani ya tenga. Hawakufika. Njiani kulikuwa na vizuizi, na mtu mwenye bunduki akiona huna pesa anatazama tenga.

Mwenye nguvu humbeba kuku kwa mkono mmoja na kuondoka. Nyangwe, hapa hapa kando ya Lualaba, jambo hili lina historia yake. Tarehe 15 Julai 1871 msafiri David Livingstone alikuwa sokoni pale, soko la wanawake wa ng'ambo zote mbili za mto. Aliandika kwamba aliona mtu mmoja wa wale waliokuja na bunduki akibishania bei ya kuku, kisha akamkamata kuku yule kwa nguvu. Muda mfupi baadaye milio ikaanza. Wafanyabiashara Waarabu, wenye watu wale wa bunduki, walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wanawake waliozama mtoni wakikimbia. Watu wakisimulia mauaji ya Nyangwe husimulia bunduki na mto. Mimi moyo wangu huenda kwa yule mama aliyenyang'anywa kuku wake, ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Kasongo ilitupokea, na hilo sitalisahau. Familia moja ilitupa chumba na kona ya parsele, nami nikaanza vibarua: kupalilia, kuvuna, kutwanga mpunga wa watu. Malipo ya kutwanga yalikuwa mchele kidogo, na pumba zote zikawa zangu. Kwa hiyo nilikuwa na chakula cha kuku kabla sijawa na kuku. Ng'ombe huku kwetu hatufugi, mbung'o hawaruhusu, na mbuzi anataka mtaji. Shule ya msingi ilitangazwa bure Septemba ya mwaka ule ule, lakini watoto wangu wawili wakubwa walikuwa sekondari tayari, na sekondari ina minervali yake, ada ya kila muhula, haimngoji mtu apate makazi.

Mama mmoja tuliyekuwa tukisali naye akanikabidhi tembe kwa mapatano ya wazee: unafuga wewe, akiangua mnagawana vifaranga nusu kwa nusu, na kuku mwenyewe anabaki wa mwenye mali. Nilimlea yule tembe kama mtu anayelea yatima aliyeachiwa na ndugu. Jioni nilikuwa nachukua chungu kikuukuu, naweka ndani majani makavu niliyoyalowesha kidogo, nakipindua juu ya tundu la mchwa. Asubuhi mchwa wamejaa. Vifaranga waliokula mchwa wiki zao za kwanza walikuwa na miguu ya nguvu, wakimbiaji, na mwewe aliwakosa. Wale wa pumba tupu walibaki wadogo. Baada ya muda nilikuwa na kuku wa kutosha kuuza jogoo mmoja mmoja kila mwanzo wa muhula.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Parsele zetu hazina ua. Mpaka ni mstari wa mananasi, au mti mmoja ambao baba wa huyu na baba wa yule walikubaliana. Jirani yangu wa upande wa chini ni bibi mwenye wajukuu wengi, na nyuma ya nyumba yake ana kipande cha mpunga. Septemba mvua ziliporudi alipanda. Kuku wangu waliingia kabla jua halijapanda, wakafukua mistari mitatu mpaka mwisho. Bibi hakupiga kelele. Alikuja mlangoni, akasimama, akasema: "Mwanangu, mbegu ile ndiyo chakula cha wajukuu wangu. Wafunge kuku wako, sina neno jingine nawe." Nikawafunga ndani ya chumba tulicholala. Lakini kuku wa nyumba nyingine hawakufungwa, na shamba likaendelea kuliwa.

Halafu ikaja amri ya kartie. Ilitangazwa Jumamosi moja kwenye salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, tukiwa na majembe mkononi: kuku, bata au mbuzi atakayeonekana akizurura atakamatwa, mwenyewe atalipa amandi kabla ya jua kuzama, asipolipa mnyama anabaki ofisini. Kwa masikio ilisikika kuwa nzuri. Sisi wote tuliitikia. Lakini haikupita muda mrefu, kuku wakawa wanakamatwa njiani, msimu ambao hakuna hata mbegu moja shambani. Wakawa wanakamatwa hata mlangoni mwa mwenyewe. Mjane asiye na franka za amandi alikuwa anajua kwamba kuku wake ameshalala chunguni.

Sina chuki na aliyekuwa akishika kazi ile. Mtu ambaye Serikali haimlipi atakula pale alipowekwa, na sisi wananchi tunalijua hilo. Ubaya ulikuwa ndani ya amri yenyewe. Bibi aliyeliwa mpunga hakupata hata bakuli moja la mbegu. Mimi nilipoteza kuku, yeye alipoteza shamba, na amandi ikaenda mahali pa tatu. Kibaya zaidi, Bibi alidhani mimi ndiye ninayemlipa mtu wa ofisi ili kuku wangu waachwe, na mimi nilidhani yeye ndiye anayewaita waje kukamata. Tukaacha kusalimiana. Aliyekaa Kasongo anaelewa uzito wake: watu wawili wanachota maji kisima kimoja, wanasikia adhana moja, na asubuhi hakuna "umeamkaje".

Mambo yalikuwa hivyo tulipoingia kiangazi, na kiangazi kikaja na kideri.

Kideri, ugonjwa wa Newcastle, hupenda miezi ya ukavu, na kwetu ukavu ni Juni hadi Agosti. Mtetea wangu mwekundu, mlezi mzuri kuliko wote, aliacha kula jioni. Asubuhi nilimkuta amesimama konani, mbawa zimemwanguka, kinyesi cha kijani kimegandia mkiani. Mchana shingo ilianza kupinda. Kichwa kiligeuka mpaka kikatazama mgongo, akawa anazunguka mahali pamoja, mdomo wazi, anatafuta hewa. Vifaranga wake walimfuata katika mzunguko ule wakidhani anawaonyesha chakula. Usiku akafa, na wao wakaanza.

Tuliwapa pilipili, tuliwapa majivu, tuliwapa maji ya mwarobaini. Wengine walivunja vidonge vya tetrasiklini vya binadamu na kuwatia midomoni. Hakuna kilichosaidia, wala kisingeweza, kwa sababu ugonjwa huu ni wa virusi na hauna dawa. Njaa nayo ikaharakisha mambo: mtu akiona kuku wake amesinzia anamkimbiza sokoni apate chochote, mnunuzi anamfikisha kwake, na mtaa mwingine unaanza kuzika. Waliochinja waliokuwa wanakufa walitupa manyoya na matumbo jalalani, mbwa wakayasambaza. Katika avenyu yetu zilibaki sauti za majogoo wachache mno.

Kuku wa Bibi walikufa pia. Alikuwa nao, tena wengi kuliko wangu, jambo ambalo katika hasira zangu sikuwa nimelitilia maanani. Alikuja na jembe. Alisema mizoga isitupwe, wajukuu wanacheza kila mahali, tuchimbe shimo. Tulichimba shimo moja penye mstari wa mananasi, refu hadi kiunoni, tukatia kuku wake na wangu, tukamwaga majivu, tukafukia. Wakati wa kuchimba tulizungumza kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na habari ya amandi ikatoka. Kila mmoja akajua mwenzake hakulipa wala hakuita mtu.

Daktari wa mifugo aliyepita baadaye alitueleza jambo ambalo nataka kila mfugaji wa Kasongo na Kabambare alishike. Kinga ni chanjo peke yake. Ni tone moja jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ila chanjo haiuzwi tone kwa tone. Chupa ndogo ni ya kuku mia, nyingine ni za mia mbili na zaidi, na ikishafunguliwa na kuchanganywa lazima iishe siku hiyo hiyo, inayobaki inamwagwa. Nilikuwa nimebakiwa na kuku wa kuhesabika kwa vidole. Alinitazama kwa huruma akasema hawezi kunifungulia chupa. Bei ya chupa ukiigawa kwa kuku watano, kila tone linakaribia bei ya kuku mwenyewe. Ukiigawa kwa mia, hata mtoto anayeuza karanga anaweza kulipia wake.

Kwa hiyo tulihitaji kuku mia, wawe pamoja, asubuhi moja. Hakuna nyumba katika mtaa wetu iliyokuwa nao. Wangeweza kupatikana tu kwa watu ambao mwaka mzima tulikuwa tunanuniana.

Bibi ndiye aliyefungua njia. Kasongo si mgeni wa chanjo. Miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, uliofanya kazi na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulichanja watoto wa hapa dhidi ya surua na kufuatilia wangapi wanaishi; matokeo yake yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet huko Uingereza, na madaktari wa nchi nyingi wameyasoma. Bibi hakuwahi kusikia habari ya jarida lolote. Anachokumbuka ni foleni, na mtoto wake mgongoni. Akasema: "Watoto tuliwapeleka tukapanga mstari. Kuku watatushinda nini?" Maneno hayo aliyarudia katika kila nyumba. Mimi nilimfuata na daftari la shule la mwanangu, naandika: nyumba ya nani, kuku wangapi wakubwa, vifaranga wangapi. Kwa umri wake hakuna mlango uliofungwa. Wanaume wawili watatu waliuliza kama sasa kuku watapewa na karti ya kupigia kura. Tukawaandika na wao.

Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, na Tanzania na Msumbiji wanaitumia sana. Inavumilia joto kuliko zile za kawaida, ingawa nayo haitaki jua. Ya kwetu ilikuja ndani ya termosi yenye barafu, kwa pikipiki. Tulikutana alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, maana kuku akishatoka huwezi kumrudisha. Watoto walikuja na kuku kwapani, wengine na vikapu vya vifaranga. Unamlaza kuku ubavu, unamshika kichwa taratibu jicho moja litazame juu, unadondosha tone, halafu unangoja. Usimwachie haraka. Ngoja mpaka apepese jicho na tone lizame ndani, la sivyo atatikisa kichwa na umechanja mchanga. Bibi alisimama penye daftari akihakikisha hakuna jina lililorukwa.

Kiangazi kilichofuata kideri kilirudi Kasongo. Avenyu nyingine zililia. Kwetu walikufa wachache, karibu wote wakiwa wale ambao hawakuletwa asubuhi ile.

Baada ya hapo tulikuwa na kitu ambacho zamani hatukuwa nacho: orodha. Tulijua nani ana kuku na wangapi, na nani ana shamba karibu. Tulikwenda kwa Shefu wa kartie tukiwa kundi, wenye kuku na wenye mpunga pamoja, na kwa kuwa wengi wetu tulikuwa yote mawili, baraza halikuwa na pande za kupigana. Tukaomba amri ibadilishwe. Tulisema kuku wafungwe tangu mpunga unapopandwa mpaka umesimama vizuri, na mwenye kuanika mpunga kwenye mkeka aweke mtoto wa kulinda, maana mchana kutwa hakuna anayeweza kumzuia kuku asione nafaka. Kuku akiharibu shamba, wazee wawili wanakwenda kuangalia, na mwenye kuku analipa kwa mpunga, bakuli kwa bakuli, kwa mwenye shamba mwenyewe. Ofisi isikamate kuku wa mtu. Badala yake, kila chupa ya chanjo ikija, tunatenga kitu kidogo kwa ofisi, kinaandikwa daftarini mbele ya wote. Kuku mpya kutoka sokoni anafungwa kamba peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Aliyekufa anazikwa siku hiyo, hauzwi.

Shefu alifikiri, akataka kusikia tena lile la kitu kidogo cha ofisi, akakubali. Tangu siku hiyo, kesi za kuku katika mtaa wetu zinaishia mlangoni kwa mwenye shamba. Mimi nimeshalipa mpunga. Kulipa mpunga kwa mtu unayemjua, ukauona unaingia ghalani mwake, hakuachi kinyongo.

Banda nimelijenga juu ya miguu, miti na mianzi, kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya pikipiki kwa sababu ya siafu. Siafu wa Maniema wakipanda bandani usiku, asubuhi unakuta mifupa ya vifaranga. Kinyesi kinachoanguka chini Bibi anakichukua kwa lengalenga na sombe zake, na mboga tunakula nyumba zote mbili.

Sisemi shida zimekwisha. Wezi wapo. Na amri ya mtaa haimzuii mtu mwenye silaha. Akipita usiku na akataka jogoo, jogoo anakwenda. Hilo linataka amani, na amani ya Kabambare iko juu ya uwezo wa daftari letu.

Lakini mwanangu wa kwanza amefanya Mtihani wa Serikali, na ada yake ilitoka kwa majogoo niliowauzia vijana wanaobeba matenga kwa baiskeli kwenda machimboni. Yule mama aliyenipa tembe nimeshamrudishia kuku wake pamoja na sehemu yake ya vifaranga, Alhamdulillahi. Sasa mimi ndiye ninayetoa kuku kwa mgao, na ninatoa kwanza kwa kina mama wanaofika kutoka Kabambare. Ninawapa kwa sharti moja: jina lao liingie daftarini siku hiyo hiyo, kabla kuku hajalala usiku wa kwanza.

Ombi langu kwa wachefu wa kartie za Kasongo, na kwa wale wa Wamaza na Salamabila watu wakirudi: amandi ya kuku ilipwe kwa yule aliyeliwa mpunga. Kwa wakaguzi wa mifugo: kiangazi kinaanza Juni, kwa hiyo chupa ziwe zimefika mwezi wa Mei na barafu yake. Majina na idadi ya kuku mtatukuta nayo tayari.